Bwana Shamba na Maua Yaliyofungwa Uzi

Kwetu Ibaba ukungu ukishuka asubuhi, hujui kama kilichosimama shambani ni mti wa kuegemezea maharage au ni mwenye shamba. Kwa jirani yangu huyu, hata ukungu ukiondoka ilikuwa kazi kujua. Alikuwa mrefu, mkavu, ndani ya koti la kaki la serikali lililompwaya mabegani na kumfika mbavuni tu kwa urefu. Aliweza kusimama mahali pamoja tangu alfajiri hadi wanawake tumerudi mtoni, shingo kainamisha, pumzi kaibana. Watoto walikuwa wakisukumana nani aende amguse aone kama ni mzima. Hakuna aliyekwenda.

Tulimwita Bwana Shamba. Alikotoka na aliyemzaa sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia. Alikuja wakati wa Mwingereza, kabla kidogo ya ile vita kubwa ya pili, akiwa na mke na binti wa kubebwa mgongoni. Serikali ilimjengea nyumba ya bati mkabala na yetu, ikampa kipande cha ardhi kilichozungushiwa uzio, na humo ndimo alimoishi kweli. Nyumbani alikwenda kulala tu.

Kazi yake ilikuwa maharage. Ukicheka, nami nilicheka. Maharage ya kwetu ni ya kutambaa. Unayachomekea mti, yanaukwea, na mti ukiisha yanashikana yenyewe kwa yenyewe juu hewani kama walevi wanaorudi nyumbani. Chini ganda limekauka, juu bado ni ua. Unachuma leo, unachuma kesho, unachuma hadi mgongo unalia. Na kila msimu ni sisi wanawake tulioingia msituni kukata miti. Kwa hiyo serikali ikaleta maharage mafupi, ya kukomea magotini, yanayochanua kwa pamoja na kukauka kwa pamoja. Mama mkwe wangu aliyapika mara moja tu. Alisema ni afadhali kuchemsha udongo wa mfinyanzi, maana huo angalau mjamzito huutamani.

Bwana Shamba alitaka kuyaoza hayo mawili. Kimo cha mafupi, utamu wa marefu. Hilo ndilo aliloliamkia kila siku ya Mungu.

Siku moja aliniita uzioni, akanionyesha ncha ya haragwe fupi. Ilikuwa imegeuka ua. "Tazama, Mama Atupele," alisema, kwa kuwa mwanangu wa kwanza ni Atupele. "Huyu ncha yake ikishakuwa ua, hana tena pa kuendea. Yule mrefu maua yake huyaweka makwapani, ncha anaiacha iende. Watu husema huyu mfupi amedumaa. Hakudumaa. Amefika."

Lilikuwa neno lake hilo, amefika. Alilisema pole, na mimi nilisikia baridi. Kwetu mtu aliyefika ni yule tuliyemrudishia udongo kaburini.

Kuna lingine lililotutia hofu. Maharage ya kutambaa huuzunguka mti kwa upande mmoja tu, daima ule ule. Nililima tangu utotoni bila kuliona, hadi yeye aliponionyesha. Aliuchukua mche, akaufungua taratibu kutoka kwenye mti wake, akauzungusha upande wa pili, akaufunga kwa ganda la mgomba. Asubuhi yake nilikwenda kutazama. Ncha ilikuwa imekwisha kugeuka, imerudia upande wa wenzake. Nikamuuliza nani anayeyaambia. Akacheka, jambo la nadra, meno yake yakaonekana yote. "Wazazi wao," alisema. "Wamo humo ndani, hawatoki. Mzazi akishaingia kwenye mbegu, hatoki."

Nilirudi nyumbani nikafunga mlango mchana kweupe.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Mzee wa kanisa, lakini mahubiri yakiendelea mkono ulikuwa mfukoni ukichezea maharage, tukiyasikia yakigongana wakati wa sala. Alitugombeza sana kwa kuchanganya mbegu. Sisi huzitia zote kapu moja, nyekundu, njano, za madoa, ili mvua ikizikataa hizi izikubali zile. Yeye aliita uchafu. Na bado hayo ya mfukoni mwake yalikuwa mchanganyiko mtupu, tena ya kutoka kwenye makapu yetu. Miaka yote sikumwona akila maharage. Alikula ugali kwa mlenda, kwa maziwa, kwa chochote, lakini sahani ya maharage ikiletwa aliisogeza kando kwa heshima, kama mtu aliyeandaliwa nyama ya jamaa yake.

Kwa watu alikuwa bahili wa maneno. Kwa binti yake hakuwa bahili wa kitu. Huyo binti, Tusekile, baba yake alimbeba mabegani hata alipokuwa mkubwa wa kutumwa dukani. Ungemwona Bwana Shamba anakatiza kijijini na mtoto kakaa juu kama ndege kwenye nguzo, anagusa majani ya mapaa yetu moja baada ya jingine, anatusalimia kutoka huko juu: "Mmeamkaje, akina mama?" Tulimpenda. Alikuwa na mdomo mkali na macho ya kuona kila kitu.

Lakini Tusekile hakukua.

Yeye na Atupele wangu walizaliwa msimu mmoja. Kwanza nguo zilizombana Tusekile ndizo alizorithi Atupele. Kisha wakalingana. Kisha nguo zikaanza kurudi upande wa pili, zilizombana wangu akazivaa mwenzake, na bado zikamburuza. Hakuwa mgonjwa. Viungo vyake vilikuwa sawasawa, kazi alifanya, akili alikuwa nayo hata ya kuwaazima wenzake. Ila kimo kilisimama. Na wazazi wake wote wawili walikuwa warefu, mama naye akiinama kuingia jikoni kwangu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyesema kwanza, tukipembua mahindi. "Yule mtoto amefungwa."

Hakuhitaji kueleza. Tulimwona Bwana Shamba kila alfajiri. Ili kuyaoza maharage yake ilibidi aliwahi ua kabla halijafunguka, kwa sababu, alivyonieleza baadaye, ua la haragwe halingoji mgeni. Hujioa lenyewe humo ndani, mlango ukiwa bado umefungwa. Kwa hiyo alilipasua changa, kwa mwiba wa mlimau, akalitoa vumbi lake la kiume, akalipaka vumbi la haragwe la kutambaa, kisha akalifunga uzi mwekundu ili alitambue. Ili mkono usitetemeke, alisali Baba Yetu kwa sauti ya chini. Sasa wewe simama ng'ambo ya barabara, kwenye ukungu. Huoni mwiba wala vumbi. Unaona mtu mrefu kainama, ananong'ona, anapiga fundo uzi mwekundu, anasogea, ananong'ona tena, anapiga fundo jingine. Kwetu hata mtoto anajua hiyo ni kazi gani. Anayetaka kukifunga kizazi cha mtu, au kumzuia asiendelee, hunuiza jina lake na kupiga fundo. Na nyuzi zile nyekundu zilikuwa shamba zima, zikichezacheza hata siku isiyo na upepo.

Alimtuma mkewe azifuate kwa fundi cherehani aliyekaa barazani pa duka la pale njia panda. Fundi yule alikuwa mgeni, mpole, na alikuwa mfupi. Mkumbuke huyo.

Mama Tusekile aliyasikia maneno. Kijijini maneno hayakosi miguu. Asubuhi moja nilimkuta anatoka kwenye uzio wa mumewe, kisu mkono mmoja, mkono wa pili umejaa nyuzi. Alikuwa amezikata zote. Mumewe alikuwa ameitwa na wakubwa zake, hakulala nyumbani.

"Jirani," aliniambia, machozi yakimtoka, "mimi nimebatizwa. Najua ni upuuzi. Lakini mwanangu akirefuka hata kwa upuuzi, nitashukuru."

Akaenda kuzitupa mtoni.

Bwana Shamba aliporudi, alitembea katikati ya mistari yake akigusa kila shina. Maganda yalikuwa yamekwisha kushika, lakini yapi ni ya mkono wake na yapi yalijioa yenyewe, hakuna wa kujua. Kazi ya msimu mzima. Mimi nilikuwa nimejibanza jikoni nikingoja kusikia kipigo. Hakumpiga. Hakupaza hata sauti. Nilimsikia akisema, "Usilie, mama. Yatajitaja yenyewe."

Na yalijitaja. Msimu uliofuata alizipanda mbegu zote, bila kuchomeka mti hata mmoja. Yakaota mafupi, mafupi, mafupi, mstari baada ya mstari. Kisha mmoja ukanyoosha mkono. Ukaupapasa upepo siku nzima ukitafuta cha kushika, na kesho yake tukaukuta umemkaba jirani yake. Mbele kidogo mwingine. Mmoja ulitoka uzioni ukauzunguka mpini wa jembe langu nililoliegemeza pale nikasahau. Nililiacha jembe hilo siku kadhaa. Sikutaka kuugusa.

Bwana Shamba alifurahi mno. Alituita wote, wanawake, watoto, mama mkwe wangu na kigoda chake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema sana. Alieleza kwamba mama wa maharage haya yote ni haragwe fupi. Yaliyojioa yenyewe yamezaa mafupi. Yale aliyoyapaka vumbi la mengine ndiyo haya yanayotambaa. Uzi umekatwa, sawa, lakini mtoto mwenyewe anasimama na kumwonyesha aliyemzaa. "Haragwe," alisema, amenyoosha mkono kama mhubiri, "halimfichi baba yake."

Mama mkwe wangu akaondoa kiko mdomoni.

"Bwana Shamba, tumekuelewa vizuri," alisema. "Asiyefanana na wa nyumbani ana baba wa nje. Ndaga, asante, umetufundisha. Wewe mrefu. Mama Tusekile mrefu. Huyu mtoto mfupi amemtaja nani?"

Hakuna aliyemtaja fundi cherehani. Hakukuwa na haja. Tusekile alikuwa amekaa uzioni, miguu inaning'inia, na alielewa kabla ya wengi wetu.

Bwana Shamba alimtazama binti yake. Alimtazama kama alivyotazama miche, kichwa kimeinama, pumzi imebanwa, kutoka utosini hadi nyayoni. Haikuwa muda mrefu. Lakini mkewe alikuwa amesimama pale, naye alimwona akitazama.

Mama Tusekile akamshika mtoto mkono, akaingia naye ndani. Kabla jua halijakuwa kali walikuwa njiani kwenda kwao Tunduma, kwa Wanamwanga, mzigo kichwani, na Tusekile akitembea kwa miguu yake. Fundi naye, nadhani kwa woga wa kuchomewa nyumba, alifunga cherehani yake juu ya baiskeli akapotea.

Mtu mwingine angelewa, au angeoa. Yeye alibaki akilima. Moshi haukutoka tena kwenye ile nyumba ya bati. Alfajiri tulimsikia akinong'ona kama zamani, ila sasa nyuzi hakuwa nazo. Alizikusanya mbegu za yale machache yaliyotambaa, akazitenga, na mvua zilipoanza akazipanda peke yake, nyuma ya nyumba. Safari hii alichomeka miti. Aliilinda ile miche hata kuku walimwogopa. Nilimpelekea uji nikamuuliza atamfuata lini mkewe. Alisema, "Nangoja nione." Nilidhani anangoja hasira zipoe.

Kisha siku moja alikuja mlangoni kwangu anakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia, kabla wala baada. Mikono ilikuwa na matope. "Njoo. Njoo na mama mkwe. Njooni muone!"

Tulimkuta kapiga magoti. Maharage yalikuwa yamepanda juu ya miti yote, marefu, mabichi. Lakini huku na huku kati yao, chini, kwenye kivuli, yalikuwepo mafupi. Miti yao ipo, yameiacha. Ncha imekwisha kuwa ua. Yamefika.

"Wazazi wa haya wote walitambaa," alisema. "Wote, mliwaona. Na haragwe hujioa mlango ukiwa umefungwa, hakuna mgeni aliyeingia. Baba mrefu, mama mrefu, na tazama wamezaa nini. Ufupi ulikuwa umelala ndani yao. Ulikuwepo siku zote. Mimi ninao. Mama Tusekile anao. Umelala kwangu na umelala kwake, ukakutana."

Alijipiga kifua alipokuwa akisema hivyo, na ngoja niseme ukweli, nilirudi nyuma hatua. Niliona watu wamelala humo ndani mwake, na ndani mwangu pia, wengi, wakingoja wenzao.

Mama mkwe wangu aliinama, akalishika shina moja fupi, akalipapasa ncha kuona kama limekatwa na kucha. Halikukatwa. Akajipangusa vidole kwa kitenge. Kuomba radhi hakukujua tangu kuzaliwa, na siku ile hakujifunza. Lakini alisema, "Nenda kamchukue mkeo."

Bwana Shamba aling'oa mche mmoja mrefu na mmoja mfupi, pamoja na udongo wake, akaiviringisha kwa jani la mgomba, akaondoka saa ile ile, bila hata kufunga mlango. Tulisherehekea. Nilifagia nyumba yake, nikamwekea Mama Tusekile maji mtungini.

Maji yakakauka mtungini. Serikali ikamleta mwingine, kijana wa kilimo cha kahawa, akakataa kulala katika nyumba ile. Nyuma yake yale maharage yalijiangusha yenyewe, yakaota tena, yakaukwea ukuta, yakaziba dirisha, yakauzunguka mlango kwa upande wao ule ule. Hakuna aliyethubutu kuyachuma mwaka wa kwanza. Mwaka wa njaa tulichuma, tukala, yalikuwa matamu, tukatia mbegu zake kwenye makapu yetu pamoja na nyingine. Hadi sasa, katikati ya shamba la kutambaa, hutokea mmoja mfupi. Hatung'oi. Tunapalilia kumzunguka na kupita.

Niliwaona tena miaka ya mwisho ya Mwingereza, habari za uhuru zikiwa midomoni mwa kila mtu. Nilikwenda Tunduma kumwona dada yangu aliyeolewa huko. Gulioni watu wa upande wa pili wa mpaka walikuwa wakisalimiana "Mulishani, mulishani," nami ninatumbua macho kama mshamba, ndipo niliposikia, "Mama Atupele!" Nikageuka, sikuona mtu. Nikateremsha macho. Tusekile alikuwa mama mtu mzima, kitambaa kichwani, beseni la dagaa ubavuni, anacheka. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kuvuka mapaja ya mama yake. Nilimkumbatia nikalia, akanigombeza kwa kumlowesha.

Alinipeleka kwao. Mama yake alikuwa mzima, amenenepa, ana ng'ombe zake. Tuliongea kutwa. Aliniuliza habari za kila mtu Ibaba, hata za kuku wangu, ila za mumewe hakuuliza wala hakusema, na mimi nikaogopa kwamba amekufa. Wakati wa kuondoka Tusekile akanivuta mkono. "Usimpite baba."

Nyuma ya boma, nje ya uzio wa wakwe zake, kulikuwa na kibanda na kishamba cha maharage. Alikuwa amesimama humo katikati ya miti yake. Kwanza sikumtofautisha. Alikuwa amezeeka, lakini alinitambua, akanipa kigoda. Serikali aliiacha, alisema. Tangu alipofika hakurudi. Mjukuu humletea chakula kupitia kwenye uzio. Mkewe humwona kila siku, akienda kisimani, yeye humwamkia, na mkewe huitikia.

Sikuweza kujizuia. "Bwana Shamba, ile miche hukumwonyesha?"

"Nilimwonyesha. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji. Nikamweleza yote, uzi, vumbi, ufupi uliolala. Alielewa upesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha." Alikishika kikonyo cha haragwe, akakiachia. "Kisha akaniuliza swali moja. Aliniuliza, 'Na haya mafupi kama yasingeota, ungekuja?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu ndiyo," alisema. "Lakini nilichelewa kidogo, na yeye alikuwa akinitazama."